Dhahabu ni ya Kivu, watetezi watatoka wapi?

Vijana wenzetu wa Bukavu,

Tunamaliza masomo ya sheria, tunapata diploma, halafu tunazunguka na bahasha mkononi kutoka Nyawera mpaka Kadutu. Kazi hakuna. Watu wanatuuliza: juu ya nini munaongelea usuluhishi wa kimataifa, wakati hata maji ya robine ni shida? Jibu letu ni moja: Twangiza.

Tukumbushane. Mwaka 1997 Leta ya Zaire ilitia sahihi mkataba na Banro, kampuni ya Kanada, juu ya dhahabu ya Kivu ya Kusini na Maniema. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikaichukua migodi. Banro ikaenda mbele ya waamuzi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia kule Washington. Tarehe 1 Septemba 2000 waamuzi wakasema hawana uwezo wa kuhukumu: Kanada, inchi ya kampuni mama, haikuwa mwanachama wa kile kituo.

Muangalie vizuri. Waamuzi hawakufika hata kwenye dhahabu yenyewe. Swali moja tu, kampuni iko ya inchi gani, lilisimamisha kesi nzima. Hiyo ndiyo kazi ya mtetezi: kuona swali, kuliandika vizuri, kulisimamia mbele ya watu watatu wanaokukatiza kila dakika. Haikaririwi kwenye daftari. Inazoezwa.

Lakini mwaka 2002 serikali na kampuni wakapatana, na Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya zikarudi kwa Banro. Mwaka 2011 Twangiza ikatoa dhahabu ya kwanza. Familia za Luhwindja zikahamishwa, wachimbaji wadogo wakapoteza mashimo yao. Wao hawakuwa na kiti kwenye ile kesi.

Leo mlango uko, hata kama ni mdogo. Tangu 2006 kanuni za ICSID zinaruhusu mtu asiye sehemu ya kesi kuomba kuwaandikia waamuzi. Nani ataandika kwa ajili ya kijiji? Avoka wa Paris anayelipwa kwa saa?

Kule Vienna, tangu 1994, wanafunzi wa dunia nzima wanashindana kila mwaka: timu ileile inaandika kwa mdai, kisha kwa mdaiwa, halafu inasimama kujibu maswali ya waamuzi. Na sisi, tangu 2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA, yenye korti yake Abidjan inayosimamia usuluhishi kwa Kifaransa, luga tuliyosomea. Kisingizio cha luga hakipo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Fakilte za sheria za UCB na UOB ziweke mazoezi ya utetezi kwenye masomo: kuandika hoja, kuhoji shahidi, kujibu muamuzi.

2. Baro ya Kivu ya Kusini ifungulie mazoezi hayo avoka vijana na wenye diploma wasio na kazi, bila kuwatoza.

3. Mikataba ya migodi itangazwe, kama Kodi ya Migodi ya 2018 inavyotaka. Tutajizoeza na mikataba ya kwetu.

Kesi ingine itakuja, madini yangali yanachimbwa. Siku ile, mtoto wa Luhwindja au wa Kadutu awe ndani ya chumba, na faili yake mkononi.