Afisa wa Kanuni Si Hirizi ya Sacco

Majuzi pale stendi ya Nkubu nilinunua njugu za shilingi 20. Nilipomaliza kutafuna nikaikunjua karatasi zilimofungwa, nikakuta ni ukurasa wa fomu ya mkopo: jina la mama mmoja, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mshahara wake na sahihi za wadhamini wawili. Juu palikuwa na nembo ya Sacco ninayoifahamu vizuri. Sitaitaja. Nitasema tu kwamba miezi michache kabla ya hapo, kwenye mkutano mkuu wa mwaka, viongozi wake walituinulia kijana mmoja wa suti ya bluu asalimie wanachama. Tuliambiwa ndiye afisa mpya wa uzingatiaji wa kanuni. Tukampigia makofi.

Kuanzia Maua hadi Runyenjes imani ni hiyo hiyo: ajirini "kompliansi", na SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, itawaacha mlale. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nasema afisa wa namna hiyo ni hirizi, tena hirizi inayolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Chukua suala la plaza. Sijaona mwenyekiti wa Sacco asiyeota jengo la ghorofa lenye jina la chama juu ya paa na jiwe la ufunguzi lenye jina lake mlangoni. Kanuni za 2010 zinazosimamia Sacco zenye FOSA, yaani zinazopokea amana na kutoa pesa kama benki, zinasema ardhi na majengo visizidi asilimia 5 ya mali yote ya chama, isipokuwa kwa kibali cha SASRA. Sababu yake iko wazi: mwanachama anayetaka karo ya mtoto Januari hawezi kukatiwa kipande cha ukuta. Sasa mwenyekiti ameshapatana bei ya ploti mjini Meru. Kijana wa suti ya bluu aliletwa na meneja, likizo yake hutiwa sahihi na meneja, na mkataba wake unaisha Desemba. Nani atamwambia nani hapana? Kijana atarudi mezani kwake, atafute maneno ya kuieleza ploti hiyo ili ionekane halali. Hiyo ndiyo kazi tuliyompa, ingawa barua yake ya ajira inasema vingine.

Wanaodhani nazidisha chumvi wakumbuke KUSCCO, muungano ambako Sacco nyingi za nchi hii ziliweka akiba za walimu na wakulima. Ripoti ya ukaguzi ya kampuni ya PwC, iliyofika hadharani mwaka 2025, ilionyesha hasara ya Sh13.3 bilioni, na hesabu zilizobeba sahihi ya mkaguzi ambaye alikuwa ameshafariki. Sahihi hazikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtu mwenye nguvu ya kukataa.

Wapo watakaosema basi vyama vidogo visihangaike, hayo ni mambo ya benki za Nairobi. La hasha. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Shule, si benki! Lakini kuguswa na sheria hakumaanishi lazima uajiri mtu. Chama cha kahawa cha Embu chenye kiwanda kimoja kitamlipa afisa huyo kwa cheri za nani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yenyewe inaruhusu taasisi kadhaa kuteua afisa mmoja wa data, mradi afikike na kila moja. Vyama vitano vya jirani vikikaa pamoja vitapata mtu mzuri kwa gharama ya kikombe cha chai, ukilinganisha na plaza.

Na karatasi yangu ya njugu haikuhitaji wakili. Bila shaka ilitoka stoo, ikauzwa kwa kilo na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwambia kwamba zile ni siri za watu. Kufuli ingetosha, na kiberiti.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza nafasi, kamati ikae asubuhi moja iandike kila sheria inayokigusa chama, nani anaishughulikia sasa, na tarehe gani. Pengo litakaloonekana ndiyo kazi. Atakayeichukua aajiriwe na bodi, si meneja. Barua zake zifike moja kwa moja kwa kamati ya usimamizi. Na akifutwa, wanachama waelezwe kwa nini. Mpwa wa mwenyekiti abaki nyumbani, hata kama amefuzu. Kwenye usaili, wekeni vyeti kando mumuulize: mara ya mwisho ulimkatalia bosi wako lini, na ilikuwaje? Asiye na jibu arudishiwe faili lake, awe na digrii tatu au nne.

Mwanachama mwenzangu, mkutano mkuu ujao watamwinua tena mtu asalimie. Usipige makofi kwanza. Nyoosha mkono uulize mwaka huu amezuia nini, kisha udai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.