Kipuri bila risiti ni hatari barabarani

KATIKA nyua za Rohero, hapa katikati ya jiji la Bujumbura, magari ya zamani yameanza kutolewa chini ya miembe. Peugeot 404 na 504, Mercedes za miaka ya 1970, Land Rover na zile Volkswagen zenye mgongo wa kobe, ambazo zimelala kwa miaka mingi zikiwa zimefunikwa maturubai, sasa zinafunguliwa boneti na kuitiwa mafundi.

Sababu haiko mbali. Gari la mtumba kutoka Japani hulipiwa kwa dola, na dola zimekuwa adimu. Mei 2023 faranga ya Burundi ilishushwa thamani, na bei rasmi ya dola moja ikapanda kutoka takribani faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Hata hivyo, pengo kati ya bei ya benki na ile ya mtaani halikuzibika. Kufikia 2025 dola ya mtaani ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Aliyekuwa akijiandaa kuagiza gari kupitia bandari ya Dar es Salaam amejikuta akilitazama upya lile la baba yake lililoko uani.

Wapo pia wanaoyafufua magari hayo kwa mapenzi tu, kwa kuwa ni ukumbusho wa marehemu au wa enzi zilizopita. Iwe ni kwa shida au kwa mapenzi, wote hukutana na swali moja: vipuri nitavipata wapi, na kwa mtu gani ninayeweza kumwamini?

Nusu ya kwanza ya swali hilo ina jibu. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji kujadiliwa, maana inagusa maisha ya watu.

Vipuri vipo

Fundi yeyote atakuelekeza kwanza Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao kwa miaka mingi umekuwa makao ya gereji na wauza vipuri. Huko gari lililokufa hukatwa na kuuzwa kipande kipande. Kinachokosekana Buyenzi hutafutwa Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au Nairobi katika Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi bado huiita Grogan, au Kisekka jijini Kampala. Wenye ndugu Ubelgiji huwatuma mtaa wa Heyvaert mjini Brussels, ambao ni kituo kikubwa cha magari ya mtumba yanayoletwa Afrika kupitia bandari ya Antwerp.

Viwanda vyenyewe navyo havijayatupa magari hayo. Taasisi ya L'Aventure Peugeot, iliyoanzishwa 1982, huuza vipuri vya Peugeot za zamani. Mercedes-Benz ilifungua kituo chake cha magari ya zamani mjini Fellbach, Ujerumani, mwaka 1993. Volkswagen kobe iliendelea kutengenezwa Mexico hadi Julai 2003, na kwa jumla zilitoka zaidi ya milioni 21, hivyo vipuri vyake vimejaa duniani. Peugeot 504 ya saluni iliacha kutengenezwa Ufaransa 1983, lakini Nigeria iliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000. Toyota nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba itatengeneza upya vipuri vya Land Cruiser za mfululizo wa 40.

Kwa hiyo, muuzaji anayekuambia kwamba spea za gari lako hazipo tena duniani, mara nyingi ana maana kwamba yeye hana, au hana dola za kuziagizia.

Yaliyotokea Kiriri

Jirani yangu mmoja, mzee aliyestaafu, ana Peugeot 504. Mwaka 2024 alikuja nyumbani akaniambia: "Mwalimu, wewe umesomea Tanzania, Kiswahili chako watakielewa. Nisaidie kuongea na watu wa Dar." Ni kweli, nilisoma katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nikarudi nchini nikiwa mtu mzima. Nikampigia simu muuzaji tuliyeelekezwa, tukaelewana bei, na fedha zikapelekwa kwa mkono wa dereva wa lori. Baada ya wiki tatu tuliletewa silinda kuu ya breki ndani ya boksi lenye jina la kampuni mashuhuri. Risiti haikuwapo, nami sikuiulizia.

Kipuri kilikaa vizuri mahali pake na fundi akaridhika. Mwezi wa pili, mzee akiwa anateremka kutoka Kiriri kuja Rohero, pedali ya breki ilizama hadi chini. Alipona kwa sababu analijua gari lake: alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, kisha akalisugulisha gari kwenye ukingo wa mfereji mpaka likasimama. Tulipofungua ile silinda tulikuta raba zake zimevimba na kulainika kama mkate uliolowa maji.

Simu ya muuzaji haikupatikana tena. Dereva aliyeleta mzigo hakumjua jina, kwa kuwa naye alipewa na mtu mwingine. Kwenye boksi hapakuwa na namba ya kipuri wala nchi kilikotengenezwa. Mzee hakunilaumu, ingawa alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Aliniuliza tu, "Sasa Mwalimu, tunamrudishia nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kama breki zile zingekufa katika mteremko wa Bugarama, pale Barabara Kuu ya Kwanza inaposhuka kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi chini ya mita 800 kandokando ya Ziwa Tanganyika, asingebaki mtu wa kuuliza.

Biashara ya mkono kwa mkono

Wengi watasema kwamba tatizo ni utapeli wa wafanyabiashara. Utapeli upo, lakini si maelezo yanayotosha. Benki zinapokosa dola, zile chache zilizopo huelekezwa kwanza kwenye mafuta, dawa na mbolea. Hakuna wa kulaumiwa kwa mpangilio huo. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la vipuri aliyesajiliwa, anayelipa kodi na kutoa risiti, hushindwa kuagiza mzigo. Nafasi yake huchukuliwa na begi la msafiri, buti la basi na kabati la dereva wa lori.

Wabebaji wengi ni watu waaminifu. Ila katika biashara ya namna hiyo kila mkono huujua mkono ulio jirani tu. Mnunuzi wa Rohero anamjua dereva, dereva anamjua dalali, dalali anamjua mwenye meza. Kipuri kikiharibika hakuna njia ya kukirudisha kilikotoka. Zaidi ya hayo, aliyenunua dola mtaani kwa bei ya juu hushawishika kufidia hasara kwa kuchukua bidhaa feki iliyofungwa vizuri, na anayeleta kitu halisi huonekana mwenye bei mbaya.

Utaratibu wa forodha nao hausaidii sana. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi dola 2,000. Lakini utaratibu huo unahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya. Silinda ya breki iliyotengenezwa Asia na kununuliwa Kariakoo haimo. Mfanyabiashara mdogo anabaki na njia mbili, ama taratibu ndefu zilezile za mwagizaji mkubwa, ama begi.

Lipo pia jambo ambalo wengi hulisahau. Sisi huendesha upande wa kulia wa barabara, sawa na Wakongo na Wanyarwanda, wakati Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Magari mengi ya zamani yaliyoletwa hapa kutoka Ulaya yana usukani kushoto, na yale yanayokatwa Dar es Salaam au Nairobi yana usukani kulia. Injini na gia boksi havina shida, lakini sanduku la usukani na mitambo ya pedali vinaweza kutofautiana kabisa. Hata taa za mbele si zilezile: taa iliyotengenezwa kwa nchi ya kuendesha kushoto humpiga machoni dereva anayekuja mbele yako hapa kwetu. Muuzaji mwaminifu atakuuliza usukani uko upande gani kabla ya kutaja bei.

Nairobi wametutangulia

Kwa upande wa magari ya zamani, Nairobi imetutangulia. Tangu 1970 hufanyika huko maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo magari na pikipiki za zamani hukaguliwa na waamuzi. Tangu 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, yanayopita maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Peugeot 404, gari lilelile linalooza katika nyua zetu, lilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968.

Faida yake si sherehe tu. Wamiliki hujuana na mafundi hujulikana, hivyo muuzaji anayeuza kitu kibovu jina lake huenea haraka. Isitoshe, Kenya ilitunga sheria dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Bidhaa hizo hazijaisha katika maduka yao, lakini aliyetapeliwa ana mlango wa kubisha.

Sisi tunaweza kuanza na hatua ndogo. Muuzaji wa kuaminika hupimwa kwa mambo ambayo hata mtu asiyejua ufundi anaweza kuyatazama. Je, anataka namba ya chesisi kabla ya kukuuzia? Hata katika gari la aina moja, breki zilitoka kwa watengenezaji tofauti, na zinazofanana kwa macho huenda zisiingiliane. Je, anataja kipuri kimetoka nchi gani, na kama ni kipya au kimetolewa kwenye gari jingine? Je, yuko tayari kuandika jina lake kwenye karatasi na kukipokea kikirudi?

Ni vizuri pia kujua kipi kinunuliwe mtumba na kipi kisinunuliwe. Mlango, bampa, kava la gia boksi au ekseli vinaweza kutoka kwenye gari lililokufa bila wasiwasi. Bushi zinaweza kukerezwa hapahapa na mafundi wetu wa vyuma, ambao wana mikono mizuri. Lakini mipira ya breki, raba za silinda na pedi havifai kununuliwa vikiwa vimetumika, wala vile "vipya" vilivyokaa stoo miaka 30. Raba huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi.

Si suala la matajiri peke yao

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni mjadala wa watu wachache wa Rohero wanaochezea magari ya kale, wakati wananchi wanapanga foleni ya mafuta. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini pedi feki hazichagui gari. Njia inayomletea mzee wangu silinda mbovu ndiyo inayoleta breki za teksi na za mabasi madogo ambamo wanafunzi wangu hupanda kila asubuhi. Mwenye gari la kale hugundua ugonjwa mapema kwa sababu hana duka jingine la kukimbilia. Abiria wa basi hagundui mpaka ajali itokee.

Yapo mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, wafanyabiashara wa Buyenzi na wa katikati ya jiji wakubaliane kutoa karatasi kwa kila kipuri cha breki na usukani, yenye jina la muuzaji, namba ya kipuri na muda wa kukirudisha. Atakayeanza atapata wateja.

Pili, mafundi waweke daftari. Katika makazi nilikokulia, stoo ya gereji ilikuwa na daftari kubwa, na hata nati moja haikutoka bila kuandikwa imetoka wapi na imekwenda kwenye gari gani. Tulikuwa wakimbizi, lakini tulijua kila kipuri kilikotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi mwenye daftari anaweza kumwambia mteja kwamba vipuri vya muuzaji fulani vimeharibika mara tatu.

Tatu, serikali iviingize vipuri vya usalama, yaani breki, usukani na matairi, katika orodha ya mahitaji yanayopewa fedha za kigeni mapema, hata kwa kiasi kidogo. Shirika la viwango, BBN, lianze ukaguzi wake wa vipuri kwa pedi na silinda za breki, kabla ya kufika kwenye vioo na mapambo.

Mzee wangu alipata silinda nyingine kupitia mpwa wake aliyeko Ubelgiji. Ilikuja na ankara yenye namba ya kipuri na anwani ya duka, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Wapo wengi wasio na mpwa Ubelgiji. Hao nao wanastahili kununua breki katika jiji lao wenyewe, kwa muuzaji wanayejua jina lake na duka lake, wakiwa na karatasi mkononi.