Rangi ya Gari la Vita Isomwe Kabla ya Kupigwa Msasa

Gari la kijeshi la zamani likiingia gereji kukarabatiwa, kitu cha kwanza kutolewa huwa rangi yake. Msasa hupita, au mchanga hupulizwa kwa mashine, chuma kikabaki kitupu, ndipo mwenye gari anapoulizwa anataka kijani gani. Swali hilo limechelewa. Jibu lake lilikuwa kwenye bodi saa chache kabla, na sasa ni vumbi sakafuni. Ninaamini kwamba rangi ya gari la vita ni ushahidi wa historia sawa na injini na namba ya chesisi, na kwamba anayelikarabati ana wajibu wa kuisoma na kuacha kumbukumbu yake kabla hajaigusa. Wanaodhani huu ni ushabiki wa watu wenye fedha na muda mwingi hawajatazama vizuri ni mambo gani yaliyoandikwa katika tabaka zile nyembamba.

Tuanze na Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, malori ya jeshi lake yalikuwa ya kijani. Miaka michache baadaye malori mapya yalitoka viwandani yakiwa ya kahawia, rangi iliyojulikana kwa namba SCC 2. Hakuna kamanda aliyegundua kwamba mashamba ya Ulaya yamegeuka kahawia. Oksidi ya kromiamu, unga unaoipa rangi ule ukijani, ilikuwa imeadimika na mahitaji yake yalikuwa mengi. Mwaka 1944 kahawia ikaachwa, ikaja rangi ya kijani cha zeituni, SCC 15, iliyokaribia ile ya Wamarekani, kwa sababu magari mengi yaliletwa kutoka Marekani na kuyapaka upya kulikuwa ni kupoteza kazi na rangi bure. Lakini amri haikutaka kila gari la zamani lipakwe mara moja, hivyo mengi yalivuka kwenda Normandy yakiwa bado ya kahawia. Uhaba wa malighafi, utegemezi kwa mshirika na haraka ya vita, vyote vimelala kwenye bodi ya lori moja. Ukilipaka kijani kizito kinachong'aa cha Land Rover za jeshi za miaka ya 1950, umelivika sare ya jeshi la wakati wa amani.

Kung'aa nako kuna historia yake. Jeep, gari ambalo viwanda vya Willys na Ford viliunda zaidi ya 600,000 wakati wa vita, lilipakwa rangi iliyofifia kwa makusudi, maana bodi inayometa juani huonekana na rubani kutoka mbali. Mng'ao ulirudi katika jeshi la Marekani baada ya vita, pale usafi wa gwaride ulipoanza tena kuthaminiwa kuliko kujificha. Kwa hiyo Jeep ya mwaka 1943 inayomeremeta kwenye maonyesho inasema uongo hata kama kijani chake ni sahihi. Namba za usajili kwenye boneti nazo zina lake: mwanzoni ziliandikwa kwa buluu iliyopooza ili zisomwe na aliye karibu tu, baadaye zikawa nyeupe. Nyota nyeupe ya majeshi ya Washirika ilipata duara kuizunguka mwaka 1943, wakati wa mapambano ya Sicily, ili itambulike haraka zaidi kwa mbali. Nyota hiyohiyo ilikuwa shabaha nzuri kwa mizinga ya adui, na askari wa vifaru waliifunika kwa tope. Kwa Jeep za Ford, herufi F iligongwa hata kwenye vichwa vya bolti. Fundi anayezitupa akaweka bolti mpya za dukani amefuta sahihi ya kiwanda.

Wapo watakaosema picha za zamani zinatosha kutuongoza. Hazitoshi, kwa kuwa nyingi ni nyeusi na nyeupe. Vifaru vya Ujerumani vilivyoivamia Poland mwaka 1939 viliaminika kwa miaka mingi kuwa vya kijivu kitupu, kumbe kanuni za wakati ule zilitaka mabaka ya kahawia juu ya kijivu. Rangi hizo mbili zilikaribiana kwa ukolevu kiasi kwamba kwenye picha mabaka yalipotea. Kosa kubwa zaidi lilitokea kwa mabaka ya Caunter, mistari ya pembepembe iliyopewa jina la brigedia wa Uingereza na kutumika Misri na Libya mwaka 1940 na 1941. Moja ya rangi zake iliitwa kijivu-fedha, na kwa hakika ilikuwa kijivu chenye ukijani. Kwa miongo kadhaa imeonyeshwa kama buluu ya anga, vitabuni, kwenye vifaru vidogo vya kuchezea na hata kwenye magari halisi yaliyohifadhiwa. Nadhani ni rahisi kuona kosa la namna hii linavyokua: gari lililopakwa vibaya hupigwa picha ya rangi, picha huingia kitabuni, na mkarabati wa gari jingine hukifungua kitabu akiamini ameona ushahidi. Waliolirekebisha kosa hilo ni watafiti waliorudi kwenye amri za maandishi na kadi za rangi za wakati ule. Bodi ambazo zingeweza kuthibitisha jambo hilo moja kwa moja zilikuwa zimeshapigwa msasa.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni hili: hata wakati wa vita rangi haikuwa moja. Ni kweli. Kuanzia mwaka 1943 Wajerumani walitoa viwandani vifaru vyenye rangi ya msingi ya manjano iliyokolea, kisha wakawapa askari mkebe wa rangi nzito ya kijani na ya kahawia nyekundu waizimue wenyewe kwa petroli, au kwa maji petroli ilipokosekana. Mkono mmoja ulipaka nzito, mwingine ukapaka ya majimaji. Ila kutoka hapo kusema kila rangi inakubalika ni kuruka hatua. Tofauti zile zilikuwa na mipaka na zilikuwa na sababu, na sababu hizo zinasomeka tu pale ambapo tabaka la awali limebaki. Kadiri magari yalivyotofautiana, ndivyo ushahidi wa kila gari unavyozidi kuwa na thamani, kwa sababu hakuna jingine linaloweza kulisemea.

Pingamizi la afya na gharama nalikubali kwa sehemu. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi na kromati, na vumbi lake ni sumu kwa fundi. Kutu nayo haisubiri utafiti. Sioni ubaya wowote kutumia rangi ya kisasa inayolinda chuma vizuri, mradi kijani chake na kufifia kwake vifuate kilichopatikana kwenye bodi. Na kukipata hakuhitaji maabara. Rangi ya awali hubaki nyuma ya vibati vya taarifa, nyuma ya dashibodi, chini ya vishikio vya bampa na pale tangi la mafuta linapokaa. Sehemu ndogo husuguliwa kwa msasa laini wenye maji, ambao pia huzuia vumbi, hadi tabaka zionekane kama pete, moja ndani ya nyingine, mpaka kwenye praima. Kisha hulinganishwa mchana, nje. Uangalifu unahitajika, kwa kuwa rangi ya mafuta ya kitani iliyofichwa gizani huingia umanjano na iliyokaa juani huchakaa ikawa nyeupenyeupe, hivyo sehemu moja haitoshi.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Askari wa Kenya, Uganda na Tanganyika walipigana Uhabeshi mwaka 1941 na Burma mwaka 1944, na madereva wao walipitisha malori kwenye matope na milima ambayo wachache wameisimulia kwa maandishi. Lori la enzi hiyo likipatikana kwenye shamba au nyuma ya gereji ya zamani, huenda alama za kikosi bado zimo chini ya rangi tatu za kiraia. Mwenye gari atasema ni mali yake na atalipaka apendavyo. Haki hiyo anayo. Ninachomwomba ni kazi ya siku moja kabla ya msasa: apige picha za kila tabaka kwenye mwanga wa jua, aandike kila rangi ilikutwa wapi, na aache kipande cha ukubwa wa kiganja nyuma ya dashibodi bila kukigusa. Baada ya hapo hata akitaka buluu ya anga, apulize.