Kamera ya mkopo ikubali lenzi za wengine

Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao uchumi wake bado unakwenda kwa mwendo wa pamba, upigaji picha ni miongoni mwa kazi chache ambazo kijana anaweza kuzianza bila shamba wala ng'ombe. Harusi zipo, kipaimara kipo, mahafali ya shule yapo, na kila mmoja anataka kumbukumbu nzuri kuliko ile ya simu. Ninachokitetea ni kwamba kikundi kinachokwenda kukopa kwa ajili ya kazi hii kianze kwa kuuliza ni lenzi na vifaa gani vya kampuni nyingine vinaweza kufungwa kwenye kamera kinayoitaka. Megapikseli, jina la kampuni na uzuri wa mkanda wa shingoni vifuate baadaye. Kifaa kinachokubali vya wenzake humlinda mkopaji. Kile kinachokataa humfunga kwa muuzaji mmoja, na siku muuzaji huyo akifunga duka, deni hubaki lake.

Ushahidi wangu mkubwa nautoa katika kamera ambazo wengi wa wasomaji hawajawahi kuzishika, zile za fomati ya kati zinazotumia filamu pana ya 120. Nimezichagua kwa sababu zimeishi muda mrefu wa kutosha kutuonyesha mwisho wa kila uamuzi. Filamu hiyo ilitolewa na Kodak mwaka 1901. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni hiyohiyo ikatoa nyingine iliyoitwa 620. Upana ulikuwa uleule, na picha zilitoka kwa ukubwa uleule. Kilichobadilishwa ni kigurudumu cha kuzungushia filamu, ambacho kilifanywa chembamba zaidi, na hivyo aliyenunua kamera ya 620 akalazimika kurudi kwa filamu iliyofungwa kwenye kigurudumu hicho. Mwaka 1995 Kodak iliacha kutengeneza 620, na kamera nyingi nzima zikageuka mapambo ya kabatini, isipokuwa kwa wachache walio tayari kuhamisha filamu gizani kutoka kigurudumu kimoja hadi kingine. Filamu ya 120, ambayo kila kiwanda kilikuwa huru kuitengeneza, inauzwa hadi leo na Ilford ya Uingereza, Foma ya Jamhuri ya Cheki na Kodak yenyewe. Kemia ya filamu hizo mbili ilikuwa moja. Tofauti ya maisha yao ilitokana na nani aliruhusiwa kushiriki.

Lenzi nazo zinasimulia hivyohivyo. Huko Dresden, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, ilitengenezwa kamera ya Pentacon Six kuanzia mwaka 1966. Ilikuwa na kasoro zake, hasa katika kusogeza filamu, na hakuna fundi mkweli atakayezificha. Lakini mdomo wake, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, ulitumiwa pia na kamera ya Kiev 60 iliyotoka kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, kisha ukachukuliwa na Exakta 66 ya Ujerumani Magharibi iliyokuja na lenzi za Schneider. Vita baridi ilikuwa imeigawa dunia, na bado lenzi ya Zeiss ya Jena ilifunga sawasawa kwenye kamera iliyotengenezwa ng'ambo ya pili ya ukuta. Kiwanda hicho cha Kyiv kilikuwa na kamera nyingine, Kiev 88, iliyotokana na Hasselblad 1600F na yenye mdomo wake wa peke yake. Baadaye likatoka toleo la 88CM, na toleo hilo likaachana na mdomo wa zamani na kuchukua ule wa Pentacon Six. Mafundi waliona lenzi nyingi ziko upande gani, wakahamia huko.

Sasa tazama upande wa pili. Contax 645 ilitoka mwaka 1999, ikiwa na lenzi za Zeiss za kiwango cha juu sana na uwezo wa kujilenga yenyewe, jambo lililokuwa nadra katika kamera za ukubwa huo. Mwaka 2005 kampuni iliyoitengeneza, Kyocera, ilijitoa katika biashara ya kamera. Tundu la kupitishia mwanga katika lenzi hizo huendeshwa kwa umeme unaotoka kwenye kamera, kwa hiyo kamera ikifa, lenzi ya thamani kubwa haiwezi kuhamia kwingine bila adapta maalumu ya kielektroniki. Pentacon Six ilikuwa mbovu kuliko Contax karibu katika kila kipimo cha karatasini. Hata hivyo mwenye lenzi za Pentacon Six leo ana pa kuzifunga, na mwenye lenzi za Contax anatafuta fundi.

Hasselblad ya Sweden ni mfano wa tatu, na mimi nauona mzito kuliko yote. Kamera yao ya 500C ya mwaka 1957 iligawanywa vipande: lenzi mbele, kasha la filamu nyuma, na chombo cha kutazamia juu, vyote vikitoka na kurudi. Mpiga picha aliweza kutoa kasha lenye filamu ya rangi katikati ya kazi na kuweka lenye filamu nyeusi na nyeupe bila kupoteza hata picha moja. Wanaanga wa Apollo 11 walipotua mwezini mwaka 1969 walikuwa na kamera ya ukoo huo, na waliporudi walibeba makasha ya filamu wakaiacha kamera kulekule. Leo kampuni hiyo inauza kasha la kidijitali, CFV 100C lililotoka mwaka 2024, linalofunga kwenye kamera nyingi za ukoo huo tangu zile za 1957. Miaka zaidi ya 60 imepita na kiungo ni kilekile. Ninaposema tununue kifaa kinachokubali vingine, ninazungumzia uamuzi wa aina hii, uliomwezesha mnunuzi wa wakati wa Sputnik kutumia chombo cha leo.

Kuchanganya kuna mipaka, na anayeuficha ukweli huo atawaponza vijana. Kila kamera imepimwa umbali kati ya mdomo wake na filamu. Kwa Hasselblad ya ukoo wa 500 umbali huo ni karibu milimita 75, kwa Canon za mdomo wa EF ni 44, kwa Sony za mdomo wa E ni 18. Lenzi iliyotengenezewa umbali mrefu inaweza kuhamia kwenye kamera ya umbali mfupi, kwa kuwa adapta ni bomba tupu la kujaza pengo. Kinyume chake hakiwezekani kirahisi: lenzi itakaa mbali mno na filamu, na italenga vitu vya karibu pekee huku bwana harusi aliyesimama hatua kumi akitoka ukungu. Kuna pia suala la ukubwa wa picha, kwa maana lenzi ya kamera ndogo haiwezi kufunika fremu ya sentimita 6 kwa 6, na pembe zitabaki nyeusi. Tena lenzi nyingi za Hasselblad zina shata ndani yake, inayofungwa upya na kamera kila picha inapopigwa, na kamera isiyo na utaratibu huo haitaweza kuziamuru. Hata ndani ya kampuni moja usahihi unadai heshima. Kasha la filamu la Hasselblad na kipande chake cha ndani vilichongwa namba zinazofanana ili visitenganishwe, kwa sababu vilipimwa pamoja.

Ndiyo maana pingamizi la kwanza, kwamba kuchanganya hushusha ubora, nalichukulia kwa uzito. Adapta iliyochongwa hovyo hulegea, lenzi hupinda kidogo, na upande mmoja wa picha hufifia. Rahisi huvunja upishi, na adapta ya bei ya chini kabisa ni mahali ambapo msemo huo unatimia. Lakini pingamizi hili linahusu adapta mbaya, halihusu wazo la kuchanganya. Canon ilitoa mdomo wa EF mwaka 1987, na hadi 2021 ilikuwa imetengeneza zaidi ya lenzi milioni 150 za EF na mrithi wake RF. Kampuni nyingine kama Sigma na Tamron ziliongeza zao juu ya hizo. Ndiyo maana lenzi ya EF ya mtumba ni rahisi kupatikana, na ikifungwa kwenye kamera mpya ya RF kwa adapta ya Canon yenyewe bado inajilenga kama kawaida. Ubora haukupotea popote. Kilichopungua ni gharama ya kuanza.

Pingamizi la pili linatoka kwa watengenezaji: wametumia fedha nyingi kubuni midomo hii, kwa nini wengine wavune wasipopanda? Ni hoja ya haki, na jibu lake limeshatolewa na baadhi yao. Mwaka 2011 Sony ilifungua maelezo ya msingi ya mdomo wake wa E kwa watengenezaji wengine bila malipo, na utitiri wa lenzi uliofuata ukawa sababu mojawapo ya watu kuinunua Sony. Mwaka 2018 Leica, Panasonic na Sigma walitangaza ushirika wa kutumia mdomo mmoja. Canon ilishika njia tofauti kwa RF, na mwaka 2022 ikaizuia kampuni ya Viltrox kuuza lenzi zinazojilenga kwa mdomo huo. Miaka miwili baadaye ikaruhusu Sigma na Tamron, na ruhusa hiyo ikaanzia kwenye lenzi za kamera zenye kihisi kidogo. Sisemi Canon ni kamera mbaya, kwani ni nzuri sana. Nasema kijana mwenye mkopo wa umma hapaswi kuwa ndiye anayebeba gharama ya ubishi huo.

Yuko atakayesema haya yote ni anasa kwa mtu mwenye kamera moja na lenzi moja, hana cha kuchanganya. Kwake ndiko hoja inakobana zaidi. Fedha ya Simiyu ina msimu. Pamba ikishauzwa ndipo sherehe zinapojaa, na kipato cha mpiga picha cha mwaka mzima hukusanyika katika miezi michache. Lenzi ikianguka Julai, mwenye mdomo wa peke yake hupeleka kifaa Mwanza au Dar es Salaam akingoja spea, na msimu unampita. Mwenye mdomo wa wengi huazima kwa mwenzake Ijumaa na kufanya kazi Jumamosi. Tunalijua jambo hili kwa baiskeli: fundi aliye chini ya mti Lagangabilili huweza kumrudisha mtu barabarani kwa nusu saa kwa kuwa tyubu, spoku na mnyororo haviulizi chapa ya fremu. Mfanyabiashara mdogo hana akiba ya kununua kifaa cha pili. Kifaa chake cha pili ni kile cha jirani, ilimradi kinaingiliana na chake.

Kuna linaloweza kufanywa na serikali, na si geni duniani. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unataka simu na kamera za kidijitali zinazouzwa huko zichajiwe kwa tundu moja la USB-C. Miaka mingi watengenezaji walikuwa wamedai kwamba sharti la aina hiyo lingeua ubunifu, na kamera mpya zinaendelea kutoka. Shirika la Viwango Tanzania halina haja ya kuamuru mdomo wa lenzi, na nisingependa lifanye hivyo, maana sharti baya la kiufundi hudumu kuliko aliyeliandika. Linaweza kuanza na chaja na betri, vitu vinavyowatesa wapiga picha wa vijijini kuliko lenzi.

Kazi kubwa zaidi iko kwa maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maandiko ya miradi. Simiyu ina halmashauri sita, na kila moja inaweza kuuliza kwenye fomu kifaa kinachoombwa kinaingiliana na cha kikundi gani kilichokopeshwa kabla. Kikundi kikitaka kamera ya mdomo mwingine kieleze kwa nini, na kama sababu ni ya maana kipewe. Vikundi vya Bariadi, Maswa na Mwanhuzi vikiwa na mdomo mmoja, lenzi ndefu ya bei kubwa inaweza kununuliwa na kimoja na kukodishwa kwa vingine, na kodi hiyo ikaingia kwenye marejesho. Sharti hilo haliongezi shilingi kwenye bajeti, na linaweza kuanza na maombi yatakayopokelewa kabla ya msimu ujao wa pamba.