NAZI NANE KWA LITA MOJA

Husemwa mara nyingi, na kwa sauti kubwa, kwamba visiwa vyenye minazi havina haja ya kuagiza dizeli ng'ambo. Ati mafuta yamo shambani, yamebaki kukamuliwa tu na kutiwa katika injini. Kwa upande wa ufundi maneno hayo ni kweli. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Na kazi yenyewe si siri: kilo 100 za mafuta huchanganywa na kilo 10 hivi za methanoli pamoja na kostiki kidogo, yakapatikana mafuta ya gari karibu kilo 100, na glisirini kilo 10 hivi. Lakini sisi tukaao nyuma ya mizani hatuulizi kama jambo lawezekana. Twauliza lagharimu nini, na ni nani atakayelipa.

Natuitazame hisabu. Nazi 5,000 hivi hutoa tani moja ya mbata, nazo zikiwa ndogo hazitoshi. Tani hiyo hukamuliwa mafuta kilo 600 na kidogo, yaani lita 650 hivi. Basi ni nazi nane kwa lita moja, kabla hatujamlipa mkwezi, mfuaji, mwenye mtambo na muuza methanoli. Kila msomaji na aende sokoni aulize bei ya nazi nane, kisha aiweke kando ya bei ya lita ya dizeli. Sisi hatuiandiki hapa, maana bei hubadilika kabla wino haujakauka. Lakini atakayeona nazi ndizo rahisi, tutamshukuru atuonyeshe soko hilo. Na lita hiyo ina nguvu pungufu kuliko ya dizeli.

Ufilipino ni visiwa vyenye minazi mingi kupita yetu mara nyingi. Sheria yao ya mwaka 2006 iliamuru dizeli ichanganywe na mafuta ya nazi. Kiwango kilikuwa sehemu 2 katika 100 tangu mwaka 2009, kikafika 3 Oktoba 2024. Kilikusudiwa kuwa 4 Oktoba 2025, serikali ikasimamisha, kwa kuwa bei ya mafuta ya nazi ilikuwa imepaa. Taifa la minazi lashindwa na sehemu ya nne katika mia! Hapana ajabu. Gharama kubwa ya dizeli hii ni mafuta yenyewe, wala si mtambo, nayo mpishi na mtengeneza sabuni huyanunua kwa bei asiyoiweza mwenye gari.

Watajibu: basi na tupande kisicholiwa. Hilo nalo limekwisha kujaribiwa huko Bara, kwa mbono kaburi. Kampuni ya Kidachi, BioShape, iliingia Kilwa. Ya Kiingereza, Sun Biofuels, ikachukua zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe. Ya kwanza ilifilisika mwaka 2010, ya pili ikasimamisha kazi mwaka 2011. Pipa la mafuta ghafi lililofika dola 147 Julai 2008 lilikuwa chini ya dola 40 Desemba ya mwaka huo huo. Mbono nao hauivi kwa pamoja: mchumaji hurudi mti ule ule mara kwa mara, na lita moja yataka kilo nne za mbegu au zaidi. Mchumaji huyo alipwe nini ashibe? Na ardhi ya kijiji iliyokwisha kuhamishwa kwa ajili ya mwekezaji hairudi kwa wanakijiji kwa sababu tu mwekezaji amefilisika.

Hatusemi mafuta haya hayana mahali pake. Bougainville, kisiwa kilichozingirwa katika miaka ya 1990, kiliendesha magari kwa mafuta ya nazi, kwani dizeli haikuingia wala mbata haikutoka. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia katika mahoteli, ambayo hayana mlaji tena, hayo yafaa kukusanywa.

Lakini akija mtu na karatasi akitaka shamba la mafuta ya gari, wazee wetu wasitie kidole gumba kabla ya kuandikwa humo bei ya kilo ya mbegu, ujira wa mchumaji, na jina la atakayerudishiwa ardhi siku kampuni itakapofunga.