Mashine haijakupasha

Jumamosi iliyopita, dakika ya saba tu, winga wetu wa kulia alikimbilia pasi ndefu, akashika nyuma ya paja, akakaa chini. Hakuguswa na mtu. Kabla ya mechi alikuwa benchi robo saa nzima akijitetemesha mapaja kwa mashine ya masaji, ile inayofanana na drili ya fundi. Sisi wengine tulipanga foleni kusubiri zamu. Nami nilikuwemo, sijitoi.

Sisemi mashine ndiyo iliyomuumiza. Nasema tuliacha kupasha kwa sababu yake. Kupasha maana yake imo kwenye neno lenyewe: mwili upate joto, moyo uongeze mapigo, miguu ionje mapema kile itakachofanya, yaani kukimbia, kugeuka ghafla, kuruka. Ukiwa umekaa benchi na mashine inanguruma, moyo wako unapiga kama wa mtu anayesubiri wali maharage kantini. Msuli utalegea kidogo, ndiyo, na kwa muda mfupi utanyooka vizuri zaidi. Lakini haujafanya kazi yoyote.

Basi itumieni, dakika moja hivi kwa msuli uliokaza, halafu inukeni mkimbie. Msiipitishe juu ya mfupa, wala mbele ya shingo, wala palipoumia juzi. Baada ya mechi jikandeni mtakavyo, hapo hakuna haraka.

Kinachoniudhi ni kusikia eti bajeti ya michezo inaombewa mashine mbili zaidi. Jamani! FIFA ina programu ya 11+, dakika 20 tu: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na mizani, kisha mbio za kasi. Imo ile ya kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unajishusha mbele polepole. Inaimarisha huohuo msuli wa nyuma ya paja. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008, kwa wasichana wanaocheza soka, ulikuta majeraha makubwa ni machache kwa walioifuata. Inahitaji mpira na mtu wa kusimamia. Hela hiyo apewe msimamizi, au inunue barafu, maana Jumamosi tuliitafuta mpaka kwa muuza juisi.

Winga kaambiwa apumzike wiki sita. Nusu fainali ni Jumamosi hii saa kumi. Mimi saa tisa na nusu nitakuwa uwanjani, nakimbia.