Boza la Maji Halitawaokoa Swala wa Rungwa

Ndugu wanafunzi wenzangu, hoja ya kuchangishana ili tukodi boza la maji na kununua marobota ya nyasi kwa ajili ya wanyama wa Pori la Akiba Rungwa imepata mashabiki wengi hapa chuoni. Nawaelewa. Mwaka 2022 tuliona picha za mizoga kutoka Kenya. Kati ya Februari na Oktoba mwaka ule, wizara inayohusika na wanyamapori huko ilihesabu nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, tembo 205 na nyati 51 waliokufa wakati wa ukame. Mtu mwenye moyo akiona vile anaingiza mkono mfukoni, hata kama bumu limeshaisha. Lakini mimi napinga boza, na naomba mnisikilize.

Natoka Itigi, wilaya ya Manyoni. Mapori ya Rungwa, Kizigo na Muhesi ni majirani zetu, nayo yanashikana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwetu Singida mvua ni msimu mmoja tu, unaanza mwishoni mwa mwaka na kukatika kuelekea Mei. Kwa hiyo hata mwaka mzuri, wanyama wanakaa nusu mwaka na zaidi bila tone. Kiangazi wanakijua kuliko sisi. Digidigi anaweza kukaa muda mrefu bila kwenda mtoni, maji ya kwenye majani yanamtosha. Tembo anachimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yatoke. Akishaondoka, wengine wanakunywa palepale. Nyati na kuro hawawezi kuwa mbali na maji, wanabana kandokando ya mto. Kila mmoja na mpango wake.

Ukimwaga maji mahali ambapo hayakuwepo, unavuruga mipango yote hiyo. Wenzetu wa Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, walishapita njia hii. Kuanzia miaka ya 1930 walichimba visima na mabwawa sehemu nyingi, kwa nia njema kabisa. Kule kaskazini mwa hifadhi, punda milia na nyumbu wakayafuata maji, na simba wakawafuata punda milia. Aliyeumia ni korongo, yule swala mkubwa anayependa sehemu zenye nyasi ndefu na wanyama wachache. Mwaka 1986 walikuwa takriban 450; mwaka 1993 walibaki kama 45. Baadaye visima vingi vikafungwa. Sasa jamani, korongo huyohuyo tunaye Rungwa. Tunataka kurudia somo ambalo wengine walishalilipia ada?

Nyasi nazo zina mambo yake. Huko Wyoming, Marekani, kuna hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1912 ambako kulungu wakubwa wa nchi za baridi hupewa chakula wakati wa theluji. Njaa imepungua, ni kweli. Lakini maelfu wanarundikana sehemu moja, na leo wataalamu wanahofia ugonjwa wa ubongo unaoua jamii hiyo na kuenea kirahisi penye msongamano. Kwetu sisi, ukiwarundika swala kwenye robota, umemrahisishia kazi hata mtu wa mitego ya waya. Anajua pa kuitega.

Sisemi kulisha ni dhambi. Kaskazini mwa Kenya, katika ukame ule wa 2022, punda milia wa Grevy walipelekewa nyasi kavu, na mimi ningefanya vilevile. Hao wamebaki wachache sana duniani, kila kichwa kina hesabu yake. Ile ilikuwa dharura, chini ya wataalamu, kwa mnyama anayekaribia kutoweka. Haiwezi kuwa utaratibu wa kila Septemba kwa kila mnyama.

Tatizo letu kubwa liko kwingine. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima, mpaka ulipoanza kukatika wakati wa kiangazi mwaka 1993. Jua peke yake halikufanya kazi hiyo. Maji yalichepushwa kule juu, bonde la Usangu, kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na ardhioevu ya Ihefu ikaelemewa na mifugo. Huku chini viboko wakabaki wanasukumana kwenye madimbwi ya matope. Hivi, maboza mangapi yatajaza mto?

Kuna rafiki yangu ameniuliza, "Bibi zetu Manyoni wanachimba makorongo kutafuta maji, nyie mnahangaika na swala?" Swali la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba bibi na swala wanategemea maji yaleyale. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka yatengwe maji ya akiba kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mito yenyewe. Tukidai sheria hiyo ifuatwe, mifereji isiyo na kibali ifungwe na yenye kibali isizidishe kiwango, tumewatetea wote wawili. Boza halimtetei yeyote, likiisha, limeisha.

Halafu kuna moto. Moto wa Septemba na Oktoba unakuta nyasi zimekauka kabisa, unateketeza malisho ambayo yangewafikisha wanyama kwenye mvua ya kwanza. Wengine wetu tunarudi nyumbani likizo miezi hiyohiyo. Manyoni ni nchi ya asali, na mrinaji anayetumia mwenge wa moto porini anaweza kuunguza zaidi ya mzinga wake.

Pendekezo langu: michango iliyokwisha kukusanywa isiende kwenye dizeli ya boza. Tuwanunulie vikundi vya warina asali wa vijiji vinavyopakana na pori vifukizio na mavazi ya kujikinga, tusaidiane nao kufyeka njia za kuzuia moto mapema, mwezi wa sita, kabla nyasi hazijakauka sana. Na serikali ya wanafunzi iandike barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, kuuliza vibali vya Usangu vinakaguliwaje wakati wa kiangazi. Barua hiyo haitapendeza kwenye picha kama boza. Lakini swala hahitaji picha, anahitaji mto wake.